Tulipowacheka Watu wa Baridi
(Hotuba mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Mimi si daktari. Nilisoma biolojia Chuo Kikuu, na tangu hapo ni mtumishi wa serikali. Basi nitasema juu ya jambo moja tu, ambalo sote tuliliona hapa shuleni.

Mtakumbuka mwaka 1994, tulipoingia kidato cha kwanza. Wenzetu waliotoka Makete na Njombe walilazwa kwa malaria mmoja baada ya mwingine. Sisi wa bonde la Kilombero tuliumwa na mbu wale wale, na jioni tuko uwanjani tunacheza mpira. Tuliwaita "watu wa baridi". Tulidhani damu yetu ni bora kuliko yao.

Kumbe damu yetu ilikuwa imekwisha kufunzwa, na ada ya mafunzo hayo ililipwa na wadogo zetu waliozikwa kabla ya kufikia umri wa kwenda shule.

Mbu jike akiuma, vimelea hukimbilia kwenye ini, hukaa humo kama juma moja bila mtu kuhisi lolote. Kisha huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaana, na kuzipasua kila baada ya saa 48 hivi. Hapo chembe nyeupe hutoa kemikali za kuuamsha mwili, na homa hutokana na kemikali hizo. Wengu huchuja chembe zilizoharibika, ndiyo maana huvimba. Baadaye mwili hutengeneza protini za kinga za kuvikabili vimelea. Mwaka 1961 ilitangazwa kwamba watafiti walizitoa protini hizo katika damu ya watu wazima wa Gambia, wakawadunga watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua sana.

Lakini kimelea ni mjanja. Kile cha falsiparamu, kilicho hatari kuliko vyote, kina jeni zipatazo 60 za kutengeneza vazi la chembe kilichoiteka, nacho hubadili moja baada ya jingine. Mwili ukilitambua shati la kijani, chenyewe kimekwisha vaa jekundu. Mtoto wa bondeni hujifunza mashati hayo homa baada ya homa, kwa miaka mingi. Hata akikomaa, kinga yake ni ya nusu: vimelea anaweza kuwa navyo, ila haugui. Naye akihama, akakaa miaka bila kuambukizwa, kinga hiyo hupungua.

Hili la mwisho nalijua kwa gharama. Mwaka 2015 nilikuwa nimefanya kazi Njombe miaka tisa. Nilirudi Ifakara kwa msiba wa baba pamoja na mwanangu wa miaka mitano, aliyezaliwa huko juu. Shangazi alituletea chandarua. Nikamwambia, "Shangazi, wape wageni. Sisi ni wenyeji." Tulilala hivyo hivyo siku sita.

Tulipokwisha kurudi Njombe, mtoto alishikwa na homa. Kwa kuwa kule ni baridi, nilidhani ni mafua, nikampa dawa ya kutuliza. Kesho yake nami nikawa natetemeka, kalamu haishikiki. Usiku ule mtoto alipata degedege, akapoteza fahamu. Mama yake ndiye aliyekumbuka kwamba tulitoka bondeni. Alilazwa siku tisa. Mimi nilipona kwa vidonge vya dawa mseto. Mwili wangu ulikuwa na kumbukumbu kidogo iliyobaki. Wa kwake haukuwa na cha kukumbuka.

Zipo sasa chanjo, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023, lakini hizo ni za watoto wadogo. Wazee kama sisi tumeachiwa chandarua na kupima damu mapema.

Mmoja wa wale wa Makete niliowacheka yuko humu ukumbini. Jana nilimwomba radhi. Akacheka, akafungua begi lake: amekuja na vyandarua viwili, kimoja changu.