Shati la Kaka na Jina la Mdogo

Leo tumewaletea jambo la nyumbani, wala msicheke mkisikia ni habari ya nguo kuukuu: kaptula, marinda na sweta ambazo zikimbana mtoto mkubwa huvaliwa na mdogo wake.

Sisi tulilelewa hivyo, na watoto wetu wanne tumewalea hivyo. Mshahara wa kasisi mnaujua. Kila Desemba, shule zikiisha kufungwa, sanduku la bati lilivutwa kutoka chini ya kitanda, na mama watoto akaketi mkekani kuchambua: hii ya kupokezana, hii ya kutiwa kiraka, hii haifai ila kupigia deki. Rinda la dada lilikunjwa pindo pana, lipate kushushwa kidogo kidogo mdogo anapokua, ingawa mstari wa pindo la zamani haufutiki. Kila nguo ilianikwa hata ikauke kabisa, kwa maana yenye unyevu ikifungiwa sandukuni huota ukungu. Tuliuona huo kuwa uwekevu mwema, tukamshukuru Mungu.

Mwana wetu wa tatu alipoingia darasa la kwanza alivaa shati la kaka yake. Ndani ya kola mama alikuwa ameshona jina la kaka kwa uzi mwekundu, kwa kuwa shuleni nguo hupotea. Hatukulifumua. Tulisema, si wote ni wa nyumba moja? Siku moja tukamkuta nyuma ya jiko, ameshika wembe wa kuchongea penseli, anaukata uzi ule. Kitambaa kilikwisha kutoboka. Tulimkemea kwa ukali: "Mbona unaharibu shati la kaka yako?"

Akajibu huku akilia, "Baba, hata ninyi mwasema ni la kaka. Mwalimu akitazama kola huniita jina la kaka. Langu mimi ni lipi?"

Hatukuwa na jibu, ndugu zetu, nasi ndio tunaobatiza watoto kwa majina yao.

Usiku huo tulifungua 1 Samweli sura ya 2. Hana alikuwa amemtoa mwanawe Samweli amtumikie Mungu huko Shilo. Kila mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu, alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Mfikirieni mama huyo. Mtoto hakuwapo karibu apate kumpima. Ilimbidi akisie peke yake kule Rama mabega yamepanuka kiasi gani tangu mwaka jana. Samweli alipoivaa alijua kwamba yuko mtu aliyemwaza.

Na katika mstari wa 21 twasoma kwamba Hana alizaa tena wana watatu na binti wawili. Je, zile kanzu zilizombana Samweli zilikwenda wapi? Maandiko hayasemi, nasi hatutaongeza neno. Lakini mama wa watoto sita, siku zile za kitambaa cha kufumwa kwa mkono, hatupi nguo ovyo. Twapenda kufikiri kwamba kama alimvika mdogo, alimpima kwanza, akaikata upya kwa ajili yake.

Kesho yake tuliwaita wavulana wote wawili. Mkubwa akaufumua ule uzi kwa mkono wake mwenyewe, mama akaziba tundu, akashona jina la mdogo. Ndipo mkubwa naye akatoa lake la moyoni. Miaka yote tulikuwa tukimwambia, "Tunza hiyo, ni ya mdogo wako," hata akaona nguo yake mpya ni ya kuazima. Hilo hatukuwa tumelidhania kabisa.

Tangu hapo nguo haikutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kujaribiwa, na aliyeiacha alimkabidhi nduguye mwenyewe. Tena kila mtoto alipata kitu kimoja kipya kwa mwaka, tukianzia kwa mdogo. Mwaka mmoja wa shida kilikuwa jozi ya soksi tu. Wako waliotuambia tunawadekeza. Labda. Yakobo alimfanyia mmoja tu kanzu ya pekee, wengine wakitazama, na twajua nyumba yake ilivyopasuka.

Twajua wako wanaotusikiliza ambao sanduku hawana. Mtoto ana shati moja, hufuliwa jioni na asubuhi huvaliwa likingali bichi. Kwenu hatuna la kusema juu ya soksi mpya. Sisi wa kanisa ndio tunaopaswa kubisha hodi kwenu.

Shati lile lilivaliwa hata na kitindamimba. Ndani ya kola mna matundu ya sindano ya majina matatu.

Na tuombe. Ee Bwana, unayewajua watoto wetu mmoja mmoja, utusamehe tulipowaita kwa majina ya wengine. Uwakumbuke akina mama wanaoshona usiku huu kwa taa ndogo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.