Uliza Msaada Umetoka Mfuko Gani
(Mazungumzo na familia zilizofika karibuni)



Nilipofika Marekani, nilikuta sebuleni kochi lenye doa. Nikamnung'unikia mfanyakazi wa shirika: "Serikali tajiri hivi, inatupa kochi kama hili?" Akanijibu taratibu: "Mama, halikutoka serikalini. Limetolewa na bibi mmoja wa mtaa wa pili." Niliona aibu. Tangu siku hiyo kila msaada nauulizia mfuko uliotoka.

Mifuko ni mitatu.

Wa kwanza ni serikali kuu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980 ndiyo msingi wa mpango wa kutupokea. Fedha zake zina masharti na zina mwisho. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa huduma za mapokezi ni za siku 90 za mwanzo, kisha jembe. Kumbuka pia kwamba tiketi ya ndege ni mkopo. Hauna riba, lakini unalipwa. Usitupe barua zake. Ukishindwa kulipa mwezi fulani, piga simu useme mapema, usinyamaze.

Wa pili ni shirika. Shirika si serikali. Linapewa fedha kwa mkataba, na lazima lionyeshe zimetumikaje. Ndiyo maana unasaini karatasi nyingi. Usisaini usichokielewa. Omba usomewe kwa Kiswahili, na uliza fedha za familia yako zimelipia nini. Kuuliza si utovu wa shukrani.

Wa tatu ni wafadhili: makanisa, misikiti, majirani. Hawa hutoa kwa hiari, kwa hiyo huwezi kuwadai. Lakini hawawezi kujua shida usiyoisema. Januari 2025 serikali iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi. Kwetu, jirani ndiye aliyempeleka mwanangu hospitali. Tulikuwa tumeshazoea kusalimiana naye.

Basi leo jioni chukua daftari. Andika kila msaada unaopata, mfuko uliotoka, na tarehe utakapokwisha. Penye tarehe iliyo karibu, weka alama, na uanze kuuliza sasa, siyo siku ya mwisho. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto akuandikie. Mkutano ujao njoo nalo, tulisome pamoja.