Ndege wa Mchanga Mwekundu: Maisha katika Jangwa la Kyzylkum

Wasikilizaji wapenzi wanaoishi Muscat, Dubai au Doha bila shaka wamewahi kulisikia jina la hubara, ndege mwenye miguu mirefu na manyoya ya rangi ya mchanga, ambaye Waarabu tangu kale wamemwinda kwa kozi. Ni mmoja wa ndege ambao kwa Kiswahili huitwa tandawala. Majira ya baridi huonekana Iran, Pakistan na sehemu za Bara Arabu, lakini wengi wao hawakuzaliwa huko. Walianguliwa mbali kaskazini, baadhi yao katika tambarare za jangwa la Kyzylkum.

Jina Kyzylkum lina maana ya "mchanga mwekundu" katika lugha za Kituruki. Jangwa hilo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 300,000, liko kati ya mito ya Amu Darya na Syr Darya. Limeenea zaidi katika Uzbekistan na Kazakhstan, na kipande chake kimo Turkmenistan. Anayedhani kwamba jangwa ni joto tupu atashangaa hapa. Kiangazi hupita nyuzi 40, na majira ya baridi huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mvua ni haba, na sehemu kubwa hunyesha kabla ya kiangazi. Hapo nyika hugeuka kijani kwa majuma machache, na kila kiumbe hufanya haraka. Kobe hutoka mashimoni, hula, hupandana, kisha hurudi ardhini na kulala sehemu kubwa ya mwaka. Dume la tandawala husimamisha manyoya ya kichwa na shingo hata uso ukafunikwa, akakimbia mbio kama kipofu ili kumvutia jike, naye jike hutaga juu ya ardhi tupu. Katika nyanda hizo za Asia ya Kati hutaga pia kitwitwi wa Kaspi, ambaye baada ya kulea makinda huruka hadi Afrika. Wakazi wa Serengeti humwona kila mwaka, ingawa wachache hujua atokako.

Lakini uhai wa jangwa hili umeshikwa na mti mmoja, msaksauli. Hauna majani ya kawaida, bali vijitawi vya kijani vinavyofanya kazi ya majani, na mizizi yake huzama mita nyingi kutafuta maji. Mizizi hiyo huzuia mchanga usihame. Chini ya kivuli chake chembamba hukaa panya, mijusi na wadudu, na matawini hujenga shomoro wa msaksauli, ambaye hata jina lake limetokana na mti huo.

Jirani yake ni ndege wa ajabu wa ukoo wa kunguru, mwenye rangi ya kijivu na baka jeusi kifuani. Wanasayansi walimpa jina la Pander, mtaalamu wa viumbe aliyefuatana na ujumbe wa Urusi kwenda Bukhara mwaka 1820. Huyu hupenda kukimbia kuliko kuruka. Hufukia chakula mchangani kwa ajili ya siku za dhiki, na kiota chake hukificha ndani ya vichaka, mara nyingi kikiwa na paa la vijiti.

Kwa bahati mbaya, sifa za msaksauli ndizo adui yake. Ubao wake ni mzito hata huzama majini, na huwaka kwa moto mkali kama makaa ya mawe. Kwa familia isiyo na gesi, yenye tanuri ya mkate na baridi kali mlangoni, si rahisi kuupita bila kuukata. Ukikatwa, mchanga huanza kutembea, na ndege hawana pa kujenga. Tangu mwishoni mwa 2018 Uzbekistan imekuwa ikipanda misaksauli kwa wingi kwenye sakafu iliyokauka ya Bahari ya Aral. Ni kazi ya kusifiwa, ila mche wa leo hautabeba kiota kesho.

Maji nayo yana kisa chake. Mwaka 1969 mafuriko ya Syr Darya yalifunguliwa yamwagike katika bonde la Arnasay, na ziwa kubwa likatokea pembeni mwa jangwa pasipo mtu kulikusudia. Leo mwari na mabata humiminika huko.

Ama tandawala, idadi yake imepungua kwa sababu ya kuwindwa na kunaswa njiani na katika makazi yake ya baridi. Imarati imegharamia kituo cha kumzalisha katika mkoa wa Navoi, na makinda huachiliwa nyikani. Hata hivyo, kinda aliyelelewa na binadamu hukabili njia ile ile waliyoipita wazazi wa porini, na mwishoni mwa njia hiyo kozi wangali mikononi mwa wawindaji.