Kompyuta Iliyogoma Kuwaka: Kumbukumbu Kwanza, Mashine Baadaye

Mada kwa wakazi wa Kata ya Mpemba, Mji wa Tunduma



Katika steshenari iliyo kando ya barabara kuu, siku ya kazi huanza kwa mvumo mdogo wa feni. Mwenye duka hubonyeza kitufe, kioo hung'aa, na wateja huanza kuhudumiwa: mwanafunzi anayeomba nafasi ya chuo, dereva anayetaka nakala ya hati za mzigo, ndugu wawili wanaoandikishana mauziano ya kiwanja. Ikitokea asubuhi moja kitufe kikabonyezwa pasipo jibu, kazi zote hizo husimama. Hata hivyo, pigo kubwa zaidi halionekani papo hapo. Ndani ya kasha lile la chuma mna barua, mikataba na hesabu za miaka kadhaa, na mara nyingi hakuna nakala nyingine mahali popote.

Hali hiyo yaweza kuikuta shule, zahanati, ofisi ya mtaa au kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi wa wanaotumia kompyuta za mezani katika kata walizipata zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na mashine ya umri huo hugoma siku isiyotarajiwa. Maelezo yafuatayo yanaonyesha namna ya kuitafuta hitilafu kwa utaratibu, kuanzia iliyo rahisi hadi iliyo ngumu. Msingi wake ni mmoja: mashine hununulika tena, lakini kumbukumbu zilizopotea hazina duka. Kwa hiyo kila hatua ipimwe kwanza kwa swali hili: je, inazilinda kumbukumbu au inazihatarisha?

Tahadhari kabla ya kugusa

Waya wa umeme uchomolewe kabisa ukutani; kuzima swichi pekee hakutoshi. Kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe na kushikiliwa kwa muda wa sekunde 15, ili chaji iliyosalia ndani iishe. Kabla ya kugusa kifaa chochote ndani ya kasha, mkono uguse kwanza sehemu ya chuma isiyopakwa rangi. Katika miezi ya ukavu nguo hubeba umemetuli, na cheche ambayo ngozi haikuihisi yaweza kukiharibu kifaa.

Kijisanduku cha umeme kilicho nyuma ya kasha, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kisifunguliwe na asiye fundi. Ndani yake umeme huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa, nao waweza kuua.

Baada ya tahadhari hizo, mwenye kompyuta atazame na kusikiliza. Ugonjwa wa kutowaka una sura tatu, na kila sura ina tiba yake.

Sura ya kwanza: hakuna dalili yoyote

Hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni umeme wenyewe. Chaja ya simu ichomekwe katika soketi ile ile. Isipofanya kazi, kompyuta haina kosa. Ikifanya kazi, ekstensheni iondolewe na waya wa kompyuta uchomekwe moja kwa moja ukutani. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo ikiungua mashine nzima huonekana imekufa. Waya wenyewe pia ubadilishwe kwa majaribio. Mara nyingi ule wa kioo cha kompyuta hufanana nao na waweza kuazimwa kwa dakika moja.

Nyuma ya kasha mara nyingi huwa na swichi ndogo ya kuwasha na kuzima. Huenda mtu aliyekuwa akifagia aliigusa. Katika mashine za zamani kuna pia kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, na kiswichi hicho lazima kisimame hapo. Kompyuta iliyotoka Marekani huweza kufika ikiwa imewekwa 115. Atakayeiwasha hivyo atasikia mlipuko na kunusa harufu ya kuungua, na kijisanduku cha umeme kitakuwa kimekwisha.

Yakithibitika hayo yote na mashine bado iko kimya, yaelekea kijisanduku hicho kimekufa. Fundi mwenye kingine kizima anaweza kuthibitisha kwa kukibadilisha. Hitilafu hii haimaanishi kuwa diski imeguswa, na kwa kawaida kumbukumbu zote zimo.

Ipo dalili moja inayostahili kutajwa kwa wakazi wa nyanda hizi za juu. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, baadhi ya kompyuta kuukuu hukataa kuwaka asubuhi, kisha huwaka baada ya kujaribiwa mara tatu au nne. Hiyo ni dalili ya kapasita zilizochoka, zile silinda ndogo zilizosimama juu ya bodi kuu na ndani ya kijisanduku cha umeme. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, kompyuta nyingi ulimwenguni zilitengenezwa kwa kapasita zenye dosari. Zikitazamwa kwa tochi, vichwa vyake huwa vimevimba au vinavuja. Mashine ya namna hiyo inatoa onyo, na siku inapowaka ndiyo siku ya kunakili kila kilichomo.

Sura ya pili: feni inazunguka, kioo ni cheusi

Hapa umeme unafika, lakini mashine haijitambui. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kioo kinapata umeme wake na kwamba kebo yake imekazwa pande zote mbili. Kebo ya zamani yenye skrubu mbili hulegea polepole bila mtu kujua.

Jambo la pili ni vumbi. Malori ya barabara kuu na ukavu wa kuanzia Mei hadi Oktoba huleta vumbi jembamba linaloingia kila penye upenyo, likaziba feni na kutanda juu ya viunganishi. Kasha lifunguliwe upande mmoja, na vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu. Kitambaa chenye maji kisitumike kabisa.

Jambo la tatu ni ramu, yaani vijibao vyembamba vilivyosimama wima kwenye bodi kuu. Mashine inayolia mara kadhaa kwa mpangilio inapowashwa huwa inataja ugonjwa wake, na mara nyingi mlio huo unahusu ramu. Vijibao hivyo vifunguliwe kwa kusukuma vishikio vyake vya pembeni, kisha ukingo wake wenye rangi ya dhahabu usuguliwe taratibu kwa ufutio safi wa penseli. Mabaki ya ufutio yakishapanguswa, kijibao kirudishwe hadi vishikio vilie. Vikiwa viwili, kijaribiwe kimoja kimoja. Kompyuta nyingi zilizokwisha kutangazwa kuwa mbovu zimefufuka kwa njia hii, bila kununuliwa kifaa chochote.

Sura ya tatu: maandishi yanaonekana, safari inakatika

Kioo kinaonyesha herufi, lakini mashine haifiki kwenye ukurasa wa kazi. Kwanza, flashi na vifaa vyote vya pembeni viondolewe, vibaki kioo na kibodi tu. Kompyuta ya zamani huweza kukwama kwa sababu inajaribu kuanzia kwenye flashi iliyosahaulika tangu jana.

Pili, saa itazamwe. Kompyuta inayorudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma kila inapozimwa imeishiwa betri ndogo ya bodi kuu. Betri hiyo ni bapa na ya mviringo mfano wa sarafu, ina volti 3, na katika kompyuta nyingi za mezani namba yake ni CR2032. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Hapo pana mtego ambao umewagharimu wengi. Betri hiyo ndiyo inayotunza mipangilio ya msingi ya mashine, inayoitwa bayosi. Ikiisha, mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Miongoni mwake mna kipengele kinachoieleza mashine namna ya kuzungumza na diski. Huandikwa AHCI au IDE. Windows iliyowekwa kwa namna moja ikikuta imebadilishiwa nyingine, huonyesha ukurasa wa bluu na kujizima. Fundi mwenye haraka husema Windows imeharibika, naye huipiga upya na kufuta kila kitu. Kumbe diski ni nzima, na tiba ilikuwa kurudisha kipengele kile kimoja mahali pake. Kwa hiyo, penye saa iliyorudi nyuma, mipangilio ya bayosi ichunguzwe kabla ya diski kulaumiwa.

Tatu, mashine ikisema haioni diski, kebo mbili za diski zikazwe au zibadilishwe. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga unaojirudia, tak, tak, tak, kompyuta izimwe mara moja na isiwashwe tena. Mlio huo ni wa vipuri vinavyohangaika ndani, na kila kuwasha kwa ziada huweza kula sehemu ya kumbukumbu zilizosalia. Mwenye diski hiyo aamue kama yaliyomo yana thamani ya kupelekwa kwa mtaalamu wa kuokoa taarifa.

Kuokoa yaliyomo

Kompyuta iliyokufa na diski nzima ni vitu viwili tofauti. Diski huchomolewa ikaunganishwa na kompyuta nyingine kwa kebo maalumu ya USB, na mafaili yakaonekana kama ya flashi. Njia ya pili ni kuiwasha mashine kwa flashi yenye programu ya Linux, isiyolipiwa, na kunakili mafaili bila kuigusa Windows. Kazi hii ifanyike kabla ya tengenezo lolote linalogusa diski. Windows ipigwe upya tu baada ya nakala kufunguliwa na kuonekana inasomeka.

Mwenye kompyuta anapoikabidhi kwa fundi, aandikiane naye mambo manne: hali ya mashine ilipopokewa, namba ya diski, kwamba diski isifutwe bila idhini, na kwamba kifaa kitakachobadilishwa kitarudishwa kwa mwenyewe. Fundi mwaminifu hatachukizwa na karatasi hiyo, kwa kuwa inamlinda naye pia.

Karatasi hiyo ina uzito wa kisheria vilevile. Diski ya steshenari hubeba nakala za vitambulisho, vyeti na mikataba ya watu wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kuiacha diski mikononi mwa yeyote, au kuiuza pamoja na kasha bila kuisafisha, ni kuhatarisha siri za wateja walioaminiana na duka.

Pale mashine isipotengenezeka

Wakati mwingine hesabu huonyesha kwamba matengenezo yanazidi thamani ya mashine. Isitoshe, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida. Mashine nzima ya namna hiyo bado yaweza kufanya kazi ya kuandika na kuchapa kwa kutumia Linux. Iliyokufa kabisa isichomwe moto wala kutupwa korongoni, kwa kuwa ndani yake mna risasi na sumu nyingine zinazoingia kwenye udongo na maji. Taka za vifaa vya umeme na elektroniki zina kanuni zake, zilizotungwa mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Nakala ndiyo kinga

Nchi ilikwisha kuonja uchungu wa kuitegemea mashine kabla ya kuizoea. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zilizokabidhiwa mitambo hiyo zilileta matatizo makubwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Zuio lilikwisha kupita, lakini funzo lake lingalipo katika kila ofisi yenye kompyuta moja na nakala sifuri.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo likiwa ndani ya diski, nalo lahitaji daftari lake. Kila Ijumaa jioni, mafaili ya wiki yanakiliwe kwenye flashi au diski ya nje, na kifaa hicho kilale nyumba nyingine, kisilale juu ya kompyuta ile ile. Mihtasari ya vikao na mikataba ichapwe na kufungwa kwenye jalada. Mvua za Novemba hadi Aprili zinapokuja na radi, waya wa kompyuta uchomolewe ukutani, pamoja na kebo ya intaneti kama ipo.

Mwenye duka aliyefanya hivyo, asubuhi kitufe kikibonyezwa bila jibu, atapoteza saa chache za kazi. Atachomoa waya, ataangalia fyuzi, atamwita fundi bila hofu. Na ndugu wale wawili wa kiwanja wakirudi kuuliza mkataba wao, atautoa kwenye jalada.