Mifupa ya Wafugaji wa Kale

Mfugaji wa Bariadi huambiwa kwamba historia yake imo katika masimulizi ya wazee tu. Sivyo; nyingine imo mifupani. Mwaka 2017 wataalamu wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza vinasaba vya mtoto mchanga wa kike aliyezikwa Luxmanda, wilayani Babati, yapata miaka 3,100 iliyopita, katika jamii ya wafugaji. Asilimia 38 hivi ya asili yake ilihusiana na wakulima wa kale wa Shamu. Iliyobaki, na wawindaji wa kale wa Ethiopia. Basi ng'ombe walichungwa nchini kabla lugha za Kibantu, Kisukuma kikiwamo, hazijaenea.

Lakini joto la tropiki huharibu vinasaba. Kwa hiyo hutafutwa hasa katika mfupa mgumu uzungukao sikio la ndani, nao hutobolewa au kusagwa. Uliosagwa haurudi. Ni haki kuuliza, bila kuwabeza wageni, unga huo wanufaisha nani. Kibali cha kuchimba hutolewa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kiambatane na sharti kwamba vijana wa Kitanzania wafundishwe kazi hiyo, maabarani, hatua kwa hatua.