Haki ya Njia Katika Milima Yetu

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na kuithibitisha kwa milima, akatujaalia ndani yake njia ili tupate kufika tunakokwenda. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, mliohudhuria msikitini na mnaosikiliza majumbani na shuleni, nawausia pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu. Kumcha Mungu hakuishii juu ya mswala. Hufuatana na mtu sokoni, shambani na barabarani. Hotuba yetu ya leo inahusu barabara. Tutaangalia jinsi malezi na desturi zetu zinavyoingia katika uendeshaji wa magari, desturi zipi zinafaa kushikwa, na ipi haina budi kurekebishwa.

Ndugu Waislamu, sisi wakazi wa Lushoto na milima ya Usambara tumelelewa katika vijia vyembamba. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo wengi wa wazee wetu waliendelea kupanda milima kwa miguu, na mizigo yao vichwani. Katika vijia hivyo palikuwa na adabu, na hapakuwa na askari wa kuisimamia. Hupiti mtu kimya kama upitaye gogo. Lugha ya Kisambaa ina maamkizi ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, na mtoto asiyeamkia wakubwa huulizwa ametoka nyumba gani. Mwenye tenga au mzigo wa kuni kichwani hupishwa. Mzee hupishwa. Aliyetangulia hasukumwi kwa nyuma, bali huombwa njia kwa kauli njema.

Adabu hii haiko mbali na mafundisho ya dini yetu. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba aliyepanda mnyama amsalimie atembeaye kwa miguu, na atembeaye amsalimie aliyekaa. Tuizingatie hekima yake. Aliyepanda yuko juu, ana nguvu na ana mwendo, na kwa hiyo ndiye aliyetakiwa kuanza kunyenyekea. Wajibu wa adabu umewekwa kwanza juu ya mwenye uwezo wa kudhuru.

Sasa na tuitazame barabara yetu. Kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ni kiasi cha kilomita 33, na katika mwendo huo gari hupanda takriban mita 1,000, kutoka joto la tambarare hadi baridi ya mlimani. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde. Kona hufuata kona, na siku nyingine ukungu hushuka hata usiione kona iliyo mbele yako. Katika njia hiyo hiyo hupita malori ya kabichi, karoti na viazi yanayowahi soko la Kariakoo, mabasi ya abiria, pikipiki za bodaboda, wanawake waendao gulioni na watoto waendao shule.

Hapo ndipo tunapoona jambo la kusikitisha. Kijana yule yule ambaye angempisha bibi kizee kijiani na kumwamkia kwa unyenyekevu, akikaa nyuma ya usukani humpigia honi bibi huyo huyo mpaka akatupa mzigo wake mtaroni. Yule ambaye hawezi kumkata kauli mkubwa wake barazani, hulipita gari la mwenzake katika kona asiyoona mbele yake. Je, malezi yake yamekwenda wapi? Hakuyapoteza. Ameyaacha chini alipopanda gari, kwa kudhani kwamba chuma kile kimemtoa katika hukumu ya adabu. Katika Suratul Israa, aya ya 37, Mwenyezi Mungu ametukataza kutembea duniani kwa majivuno, akatukumbusha kwamba hatuwezi kuipasua ardhi wala kuifikia milima kwa urefu. Ni nani anayestahiki kulisikia onyo hilo zaidi kuliko dereva anayejivuna juu ya mlima?

Ndugu Waislamu, hebu tuchukue mfano mmoja. Magari mawili yanakutana mahali pembamba, moja likipanda na jingine likishuka. Nani ampishe mwenzake? Mkataba wa kimataifa kuhusu usafiri wa barabarani uliofanywa Vienna mwaka 1968 umeeleza kwamba katika njia za milimani ambako ni vigumu kupishana, anayeshuka ndiye ajiweke kando ampishe anayepanda, isipokuwa pale ambapo anayepanda ana mahali pa karibu pa kujitenga. Sababu yake ni kwamba anayepanda ameelemewa, na akisimama ni taabu kuondoka tena. Je, hii siyo ile desturi ya kumpisha mwenye mzigo? Walioandika mkataba huo waliandika jambo ambalo bibi zetu walitufundisha tukiwa watoto.

Madereva wetu nao wana desturi njema walizojijengea wenyewe. Gari likiharibika, hukata matawi na kuyatandaza nyuma na mbele ili kuwaonya wajao. Dereva wa lori akiona hatari mbele, huwasha taa ya kulia kumzuia aliye nyuma asimpite. Huu ni msaada wa kiungwana, nao una thawabu. Lakini zipo pia desturi mbaya. Mawe yaliyowekwa kwenye magurudumu ili gari lisirudi nyuma mteremkoni huachwa pale pale gari linapoondoka, na usiku mwenye pikipiki huyakuta. Matawi huachwa mpaka yakaoza, na onyo lisiloondolewa mwisho haliaminiwi. Tunajua sote kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi mojawapo la imani. Basi anayeuacha udhia njiani ajiulize amelikata tawi gani. Na wapo wanaoashiriana kwa taa kwamba askari yuko mbele, ili mwenye mwendo wa hatari apunguze kwa dakika mbili kisha aendelee na hatari yake. Huo ni ushirikiano, lakini si ushirikiano katika wema na ucha Mungu.

Ndugu Waislamu, iko desturi moja ambayo asili yake ni njema, lakini ndani ya gari imegeuka kuwa hatari, nayo ni haya ya kunyamaza. Tumefundishwa kutomkosoa mtu mbele ya watu, kumheshimu aliyeshika kazi yake na kutojitia kimbelembele. Hivyo basi hushuka kutoka Lushoto likienda kasi, abiria wameshika viti kwa mikono miwili, kina mama wanasoma dua moyoni, wazee wanatazama chini, wala hakuna anayefungua kinywa. Kila mmoja anamngoja mwenzake aseme. Na akithubutu mmoja kusema, utingo humjibu kwamba kama ana haraka ya kuogopa, ateremke. Wengine wakacheka, na yule mwenye haki akaona aibu.

Tutazame Mtume wetu (S.A.W.) alifanya nini. Alikuwa safarini, na ngamia waliobeba wanawake wakiongozwa na kijana aitwaye Anjasha, mwenye sauti nzuri. Alipoimba, ngamia walikazana mwendo. Mtume hakunyamaza kwa kumwonea haya kijana yule, wala hakumfokea. Alimwita kwa jina lake, akamtaka aende taratibu, kwa kuwa waliopandishwa juu ya ngamia wale ni kama vyombo vya kioo. Hadithi hii imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Kwa hiyo kumwambia dereva apunguze mwendo si utovu wa adabu. Ni kuufuata mwendo wa Mtume, maadamu tunasema kwa upole kama alivyosema yeye. Na katika Hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.), Mtume alipozitaja haki za njia alitaja kuinamisha macho, kujizuia na kuudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi kukataza uovu ni haki ya njia yenyewe, na anayenyamaza ameinyima njia haki yake.

Nayasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi, nanyi, na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, wako watakaosema kwamba ajali haina kinga na kila jambo ni kadari. Ni kweli kwamba kila jambo liko katika elimu ya Mwenyezi Mungu. Lakini Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Dereva anayeshuka mlima bila gia ili kuokoa mafuta, akaitegemea breki peke yake mpaka ikapata moto na kukataa kushika, huyo hakufunga ngamia. Mlimani gari hushushwa kwa gia ndogo ili injini ilizuie. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja, na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimamia kwa breki huongezeka kama mara nne. Kadari haikumlazimisha mtu kwenda hivyo penye kona. Ni mkono wake na mguu wake.

Tukumbuke pia kwamba haraka zetu nyingine hutokana na mambo mema. Tunawahi mazishi, tunawahi harusi, tunasafiri usiku kucha ili tusikose. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, huko Magila Gereza wilayani Korogwe, katika barabara kuu hiyo hiyo inayopita Mombo, lori liligongana na basi dogo lililokuwa likipeleka mwili wa marehemu Rombo kutoka Dar es Salaam, na zaidi ya watu 15 walifariki. Msiba mmoja ukazaa misiba. Hatumhukumu yeyote kati yao, bali tunawaombea rehema na tunachukua mazingatio. Kuharakisha maziko ni jambo jema, lakini walio hai wana haki ya kufika.

Wala hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu kiasi cha milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio wanafunzi wetu na vijana wetu wa bodaboda.

Tena dini haikuliacha jambo hili bila hukumu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, aliyemuua Muumini kwa kukosea amewekewa fidia kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, pamoja na kafara, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Kama kuua bila kukusudia kuna uzito huu, vipi tuliite jambo dogo? Na mwaka 1993 wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha Brunei, waliamua kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini. Basi anayetii sheria kwa kumwogopa trafiki tu, ajue kwamba yuko Mwenye kumwona hata kona isiyo na askari.

Kwa hiyo, ndugu zangu, yatupasa kila mmoja ashike lake. Ewe dereva, unapowasha gari soma dua ya kupanda chombo, ile inayokiri kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyetutiishia kipando hiki na kwamba kwake tutarejea. Kisha uendeshe kama mtu aliyekiri hivyo. Ewe mwenye gari, usimpangie dereva hesabu ya fedha isiyotimia ila kwa kukimbia na kujaza watu. Ewe kijana wa bodaboda, vaa kofia yako, umvishe na abiria wako, na usipakie mishikaki. Enyi wanafunzi, tembeeni upande wa kulia wa barabara mkitazamana na magari, wala msicheze penye kona. Nanyi abiria, msimwachie mmoja aseme peke yake. Akisema mwenzenu kwa haki, muungeni mkono kwa neno jema. Sauti moja utingo ataicheka, lakini sauti za gari zima dereva atazisikia.

Wahenga wamesema mwenda pole hajikwai. Adabu ya kijiani tunayo tayari, tumeipata kwa wazazi wetu bila gharama. Kilichobaki ni kupanda nayo garini.

Ewe Mola wetu, wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani. Warehemu waliotutoka njiani, waponye waliojeruhiwa, uwape subira wafiwa. Utujaalie utulivu mioyoni na mikononi mwetu, na utujaalie tuwe usalama kwa wenzetu. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atawakumbuka, na mshukuruni kwa neema zake. Simamisheni Sala.