Vigae Vilivyovunjika: Imani, Tumaini na Upendo Ukutani

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe

  

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya picha za vigae, yaani mozaiki. Tunajua wako wanaojiuliza kimoyomoyo: "Sisi maji hayatutoshi, na hawa watuletea habari za mapambo?" Swali hilo ni la haki. Hatutalikimbia. Lakini kwanza tuelezane kitu chenyewe.

Mozaiki ni picha iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vidogo, vikashikizwa kwa simiti ukutani au sakafuni. Vipande vyaweza kuwa vya mawe, vya vioo au vya kauri. Sisi twatumia vigae vilivyovunjika, vile ambavyo fundi huvitupa akimaliza kutandika bafu la mtu, pamoja na sahani na vikombe vilivyopasuka. Mabaki hayo hayakosi hapa kwetu. Penye nyumba mpya pana rundo. Ukiomba kwa adabu, mara nyingi utaambiwa, "Chukueni, mtatupunguzia uchafu."

Si jambo geni pwani

Msidhani hii ni kazi ya Wazungu. Pwani yetu ilipamba kuta kwa kauri zamani sana. Kule Mambrui, kaskazini ya Malindi, liko kaburi la nguzo lililotiwa bakuli za kauri za Uchina. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, makaburi yalitiwa sahani vilevile. Na Gedi, mji ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, msikiti mkuu ulikuwa na bakuli za kauri kwenye kibla chake. Mahali pengi bakuli zimeng'olewa au zimevunjika, yamebaki matundu tu kwenye chokaa. Lakini hata tundu lasema: hapa palikuwa na watu waliochukua kitu kizuri cha nyumbani mwao wakakiweka mahali pa kumkumbuka Mungu na wafu wao. Hao ni wazee wa pwani, nao walikuwa Waislamu. Basi tunapoanza kazi hii, tuanze kwa heshima. Tuliwakuta wenyewe.

Alama tatu

Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, ametaja mambo matatu yanayodumu: imani, tumaini na upendo, na kwamba upendo ndio ulio mkuu. Tangu zamani Wakristo wameyachora hivi: imani ni msalaba, tumaini ni nanga, upendo ni moyo. Nanga ilichorwa na Wakristo wa kwanza katika makaburi ya chini ya ardhi kule Roma, na Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, unalifananisha tumaini na nanga. Sisi watu wa bandari hatuhitaji kuelezwa nanga ni nini.

Lakini vikundi vingi huchora alama hizi bila kujiuliza zina maana gani hapa kwetu. Tujiulize.

Imani. Upande wa Nyali liko kaburi la Rosina Krapf, aliyekufa mwaka 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, hakufunga virago. Aliendelea na kazi, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Na hapo hapo Kisauni, mwaka 1875, wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, makao ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Watu walionyang'anywa makwao na jamaa zao walianza maisha upya katika ardhi wasiyoijua. Hiyo ndiyo imani: kujenga kabla hujaona mwisho wake.

Tumaini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, na watu 272 wakafa maji. Wengine wetu tulizika. Na baada ya matanga watu wa Mtongwe na Likoni walirudi majini kuvuka, kwa sababu kazi iko ng'ambo na watoto wataka kula. Nanga haizuii mawimbi, jamani. Inakishikilia chombo kisichukuliwe nayo. Tukichora nanga, tuchore tukijua hayo.

Upendo. Mwezi Agosti 1997 Likoni iliwaka moto. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika machafuko yale, na maelfu walikimbia makwao, wengi wao wakiwa watu wa bara walioambiwa kwamba hapa si kwao. Wengi walikimbilia uwanja wa kanisa katoliki la Likoni. Siku zile moyo uliochorwa ukutani usingemfaa mtu. Alihitaji mlango uliofunguliwa. Kwa hiyo sisi twasema: moyo wa vigae uwekwe na watu walio tayari kufungua mlango. Wengine wakiuweka, ni pambo tu.

Ugomvi wetu wa tangi

Sasa tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulikuwa tumejenga tangi la maji ya mvua kwa mchango wa kikundi. Kikundi kilikuwa na Wakristo na Waislamu, kila mtu ametoa sawa, kila mtu amebeba mawe. Tulipofika wakati wa kulipamba, sisi wa kanisani tukaleta mchoro wetu: msalaba mkubwa katikati, nanga kushoto, moyo kulia. Tuliona umependeza sana.

Mkutanoni hakuna aliyepinga. Lakini wiki iliyofuata akina mama wanne hawakuja kazini, na wiki ya pili wakawa saba. Mwishowe mama mmoja mzee alitujia nyumbani, akanywa chai, akasema kwa upole: "Wanangu, tangi tumechanga sote. Mkilitia msalaba, litakuwa la kwenu, nasi tutakuwa twaomba maji."

Tuliona haya. Pia tuseme kweli, wengine wetu walikasirika. Walisema tukiuondoa msalaba tutakuwa tumeikana imani. Tulibishana jioni mbili. Mwisho mmoja wetu akauliza: tukimfanya jirani aone haya kuja kuteka maji aliyoyalipia, huo msalaba utakuwa unamhubiri nani?

Tukakata shauri. Msalaba tuliuweka ukutani mwa kanisa, mahali pake. Kwenye tangi tukaweka mtungi, samaki, mikoko na dau lililotia nanga, kazi ambayo kila mtu aliweza kuitia mkono wake. Hatukuweka sura ya mtu, wala maandishi. Wale mama saba walirudi, na nanga ilitengenezwa na wao. Wengine wetu tunaliona tangi lile kuwa ndiyo picha yetu ya upendo iliyo bora, ingawa moyo haumo.

Namna ya kufanya kazi

Kwanza, kusanyeni vigae na mvioshe. Mtenganishe rangi, kila rangi na ndoo yake. Kigae cha rangi adimu, kama chekundu, wekeni akiba kwa mahali panapohitaji.

Pili, kuvunja. Tieni kigae ndani ya gunia kisha mpige kwa nyundo, ili vipande visiruke machoni. Anayevunja avae miwani. Lowesheni vigae kabla ya kuvunja, na vumbi lisifagiliwe kavu, kwani vumbi hilo likiingia kifuani ni baya. Watoto wakae mbali.

Tatu, pangeni picha chini kwanza, juu ya mkeka au turubai. Hapo ndipo pa kubishana na kubadilisha. Simiti ikishashika, mabishano yamekwisha. Kisha chora ukutani kwa mkaa.

Nne, ukuta uwe na plasta iliyo ngumu na yenye mikwaruzo. Ukuta wenye rangi au chokaa inayopukutika hautashika kitu. Changanyeni simiti sehemu moja na mchanga sehemu tatu. Loweka vigae majini kwanza, la sivyo vitainyonya simiti maji yake ikaufe bure. Pakeni sehemu ndogo tu mtakayoimaliza kabla haijaanza kukauka.

Tano, baada ya siku moja au mbili, pakeni uji mzito wa simiti na mchanga laini uliochekechwa kujaza nafasi kati ya vipande. Futeni uso wa vigae kwa kitambaa chenye unyevu kabla uji haujakauka. Vaeni glavu. Simiti mbichi huunguza ngozi polepole, na mtu hugundua jioni.

Sita, ukuta ufunikwe kwa magunia maji siku tatu au zaidi, usipigwe na jua moja kwa moja. Na ncha kali zisuguliwe kwa jiwe, hasa mahali mkono wa mtoto unapofika.

Kuhusu mchanga, tusikilizeni vizuri. Ukuta wetu wa kwanza kabisa tuliufanya kwa haraka ili uwahi sikukuu, tukatumia mchanga wa ufuoni kwa sababu ulikuwa karibu na wa bure. Siku ya sherehe watu walipiga vigelegele. Masika yalipoingia, chumvi ilitoka ikafanya weupe, na vipande vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Nanga ilikatika mkono. Aibu ilikuwa yetu, wala si ya fundi. Mchanga wa bahari una chumvi. Tumieni mchanga wa mto au wa machimbo, uliosafi. Rahisi ilitugharimu mara mbili.

Na pesa je?

Tumerudi kwenye swali lenu. Jibu letu ni hili: maji kwanza. Kikundi kisinunue hata kilo moja ya simiti kwa ajili ya picha wakati tangi halijaisha. Lakini tangi hupigwa plasta vyovyote vile, na ukuta wa zahanati hupigwa plasta vyovyote vile. Kigae ni cha bure. Kinachoongezeka ni simiti kidogo ya kushikiza na ya kujazia, na siku zenu chache za kazi. Pigeni hesabu hiyo mbele ya wanachama wote, iandikwe kitabuni.

Tena kijana anayejifunza kukata na kushikiza kigae amepata mkono wa kazi. Bombolulu, hapo hapo Kisauni, mradi ulioanzishwa mwaka 1969 ulionyesha kwamba watu wenye ulemavu waliokuwa wakihesabiwa mzigo waweza kutengeneza vitu vya kununuliwa na wageni. Ila tusidanganyane: vilinunuliwa kwa sababu vilikuwa vizuri, si kwa huruma. Msihesabu mapato kabla hamjapata mnunuzi.

Na msiseme ninyi si wasanii. Kule Los Angeles, Marekani, mhamiaji mmoja Mwitaliano, kibarua wa ujenzi aitwaye Simon Rodia, alijenga minara kwa chuma, simiti, vigae vilivyovunjika, chupa na kombe za baharini. Alianza mwaka 1921 akamaliza 1954, peke yake. Mwaka 1959 wakuu wa jiji walitaka ibomolewe wakisema ni hatari. Ikavutwa kwa mashine kuijaribu, nayo haikuanguka. Alikuwa peke yake. Ninyi ni kikundi kizima.

Ndugu zetu, mtu akitazama ukuta huona rangi za vigae. Uji ulio katikati hakuna anayeusifu, lakini ukiwa mbovu, vyote huanguka. Katika kikundi ni hivyo hivyo. Nendeni mkafanye kazi, na mkianza, anzeni kwa kuwauliza majirani.



Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni mahali gani petu hutumiwa na watu wote, nani hajaulizwa juu ya mahali hapo, na nani ataenda kumwuliza?

2. Kama hatuwezi kuandika neno hata moja ukutani, tutaonyeshaje tumaini letu?

3. Mwanachama akiacha kuja kazini bila kusema sababu, sisi hufanya nini?